Dereva kwa Kiasi Gani?

Mwaka treni ya chini ya ardhi ilipofunguliwa Sendai, watu walipanga foleni kuipanda bila hata kuwa na safari. Walipandia Tomizawa, wakashukia Yaotome, wakavuka upande wa pili wakarudi, na njia nzima walikuwa wakitazamana na kutikisa vichwa. Imesimama? Mbona hatukusikia? Wanawake waliotoka sokoni walisimama katikati ya behewa na mizigo mikono miwili, hawakushika kitu, wala hakuna aliyeyumba. Mji mzima ulifurahi isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa amekaa mbele kabisa, kofia kichwani na glavu nyeupe mikononi, na ndiye waliyekuwa wakimsifu.

Onodera Shigeru alikuwa na mkono wa kulia usiojua kutulia. Akiwa mezani, vijiti vya kulia vikiwa vimelala, mkono ule ulijizungusha wenyewe, kidogo huku, kidogo kule, kama unapapasa kitu kilichokuwa hapo jana. Na mguu nao ulikuwa ukitikisika chini ya meza mpaka bakuli zikagongana.

"Acha kutikisa mguu," mkewe Fumie alikuwa akimwambia. "Wazee walisema huleta umaskini nyumbani."

"Umaskini gani, na mshahara umepanda?"

"Basi acha kwa sababu supu inamwagika."

Angeweza kumweleza, lakini kitu chenyewe kilikuwa cha kuchekesha, na yeye hakuwa tayari kuchekwa. Treni ilikuwa inajiendesha. Kazi yake ilikuwa kufunga milango, kubonyeza kitufe cha kuondokea, kisha kukaa macho. Mkono wa breki ulikuwa mbele yake na ulikuwa unafanya kazi bila yeye. Na pale kando ya breki, katika kile kishimo ambacho kila dereva wa reli nchini huweka saa yake ya mfukoni, Shigeru aliweka saa ya idara, akaitazama, akainyooshea kidole kila ishara aliyopita, akaitamka kwa sauti kama sheria inavyotaka: "Ishara ya kutoka, njia wazi!" Alimtamkia nani, sijui. Mashine haina masikio.

Ili uelewe kwa nini jambo hili lilimkosesha usingizi mtu mwenye mke mzuri na kazi ya kudumu, lazima umjue baba yake.

Mzee Kinzo aliendesha magari moshi ya makaa kutoka Kogota, akipanda milima ya Naruko wakati wa theluji, mpaka alipostaafu. Mapafu yalijaa masizi, masikio yalizibwa nusu, lakini miguu yake ilikuwa mizani. Akipanda chombo chochote chenye dereva, hakai wala hashiki kitu. Anasimama nyuma ya kioo cha dereva, visigino pamoja, mikono mgongoni. Breki ikikamatwa vizuri, visigino havisogei. Mguu mmoja ukitoka mahali pake, dereva ameanguka mtihani, hata kama mwenyewe hajui kama alikuwa anatahiniwa.

Shigeru alikua akipeleka chakula cha baba yake kwenye karakana za Kogota, na hakuwahi kutaka kuwa kitu kingine. Alipopata kazi ya kuendesha tramu za mji wa Sendai, baba yake alikuja akapanda, akasimama nyuma yake, visigino pamoja. Kona ya kwanza, mguu ukatoka. Mzee akashuka kituo kilichofuata bila kuaga, na tangu siku hiyo akawa anamwita mwanawe mpiga kengele.

"Mpiga kengele hajambo?" angemuuliza Fumie.

Tramu zikaondolewa, madereva wakahamishiwa mabasi. Mzee akaja tena, akapanda basi, mguu ukatoka mara nyingi hata akaacha kuhesabu, akacheka peke yake mpaka abiria wakamkwepa. Shigeru akawa mpiga honi. Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji; mzee huyu hakuwahi kumsifu mgema yeyote, na mwanawe alikuwa amefika umri wa kuota mvi huku angali anasubiri neno moja tu kutoka kwake. Neno lenyewe ni dogo. Dereva.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo anaitwa kwenye mafunzo ya treni mpya. Mkufunzi alikuwa fundi mmoja mpole aitwaye Nukata, mwembamba, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi.

"Mashine za zamani zilijua maneno mawili tu," Nukata aliwaambia, "kweli na uongo. Umezidisha mwendo? Kweli: breki! Umepunguza? Kweli: vuta! Ndiyo maana ziliwarusha watu kama mchele kwenye ungo. Hii haiulizi kama ni kweli. Inauliza ni kweli kwa kiasi gani. Mfano, 'kituo kiko karibu.' Ukiwa mbali, hilo ni kweli kidogo tu. Kila ukisogea linazidi kuwa kweli. 'Abiria wametulia.' Kwa kiasi gani? Sifuri ni uongo mtupu, moja ni kweli tupu, na hapo katikati pana nafasi tele. Inayapima yote pamoja, ndipo inaigusa breki."

Madereva waliandika. Shigeru akainua mkono, ule ule wa kulia.

"Mwalimu, samahani. Na sentensi hii, 'Shigeru ndiye dereva.' Ni kweli kwa kiasi gani?"

"Sifuri nukta kofia!" akadakia Sugawara, mwenzake wa tangu enzi za tramu, na darasa zima likaangua kicheko. "Kofia ndiyo yako, ndugu yangu. Kilichobaki chote cha mashine!"

Shigeru naye alicheka. Alicheka vizuri kabisa, kisha akarudi nyumbani akatikisa mguu mpaka supu ikamwagika.

Majira ya magimbi yalipofika, watu wakiwa wamejazana kando ya Mto Hirose na masufuria yao ya supu ya magimbi, Mzee Kinzo alituma habari kwamba anakuja. Macho yake yalikuwa yanafifia. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kabla ya mwaka kwisha ataona mwanga tu, basi, na mzee akasema kama ni hivyo kuna mpiga honi mmoja anataka kumwona kazini kwanza.

Fumie alimpokea stesheni, akamfikisha Tomizawa. Siku hiyo Shigeru alikuwa kwenye zamu ya mashine. Madereva walikuwa na safari zao za kuendesha kwa mkono, ili mkono usiote kutu, lakini ratiba ndiyo iliyoamua lini, na ratiba haijui baba wala mwana. Aliona kwenye kioo kofia ya zamani ya baba yake ikisogea mpaka nyuma ya mgongo wake, ikasimama. Hakuhitaji kugeuka kujua visigino viko wapi.

Akafunga milango, akabonyeza kitufe. Treni ikaondoka kama maji yanavyoondoka kwenye beseni.

Nagamachi, visigino havikusogea. Itsutsubashi, havikusogea. Sendai kwenyewe, umati ukapanda na kushuka, mzee yuko palepale. Kita-Sendai, panapoingiwa kwa mteremko na ambapo madereva wote waliojaribu kwa mkono walikuwa wametokwa jasho, treni ilisimama laini hata mtoto aliyekuwa amelala begani kwa mama yake hakugeuza shavu. Shigeru alinyoosha kidole, akatamka ishara, akanyoosha kidole, akatamka ishara.

Yaotome ni mwisho wa njia, na hapo reli imekwisha kutoka juu ya ardhi. Dereva hutoka upande huu, hutembea jukwaa lote mpaka kichwa cha upande wa pili, kisha safari ya kurudi huanza. Mzee Kinzo alikuwa ameshuka, amesimama njiani mwake. Alivua kofia. Akainama, si kama baba anavyomwinamia mwana, kwa maana baba hamwinamii mwana. Aliinama kama dereva anavyompokea dereva mwenzake aliyemaliza safari salama.

"Dereva Onodera," akasema. "Pole kwa kazi."

Fumie, aliyekuwa nyuma ya mzee, alifunika mdomo kwa mkono.

"Baba," Shigeru akaanza. Kengele ya kuondoka ilikuwa karibu kulia na jukwaa lilikuwa refu. Angeweza kusema. Maneno yenyewe ni machache: si mimi, ni mashine. Lakini alikuwa amelisubiri neno lile tangu akiwa na suruali fupi, na sasa limekuja, na mtu mwenye kiu haulizi maji yametoka kisima cha nani. Akainama naye. "Asante, baba," akasema, akakimbilia upande wa pili.

Waliosema penye ukweli uongo hujitenga hawakuwahi kupanda treni ile.

Tangu siku hiyo mambo yakawa mabaya zaidi. Mzee alirudi Kogota akawatangazia wazee wenzake wote kwenye bafu la mtaa. Kisha akampa Fumie kifurushi alipokwenda kumsalimia. Ndani yake, ndani ya kitambaa, mlikuwa na saa yake ya mfukoni, ile ya chuma iliyopanda milima ya Naruko, ambayo Shigeru alipokuwa mdogo aliwahi kuchapwa kwa kuigusa tu.

Hakuiweka kwenye kile kishimo. Aliiweka kwenye droo ya soksi. Kila asubuhi aliifungua droo, akaisikiliza, akaifunga, akaenda kazini na saa ya idara. Akapungua uzito. Kwenye foleni ya duka la samaki alikuwa anahamia mguu huu na mguu ule mpaka muuzaji akamuuliza kama anataka choo.

Jioni moja alimkuta Nukata jukwaani, akipima kitu na kalamu sikioni. Akamsimulia yote, harakaharaka, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

"Sasa niambie, mwalimu. 'Shigeru ndiye aliyeisimamisha treni ile.' Ni kweli kwa kiasi gani?"

Nukata hakucheka. "Milango ulifunga wewe. Njia ulikuwa unaitazama wewe. Mtu angeanguka relini, breki ungepiga wewe. Si uongo, Bwana Onodera."

"Sijakuuliza kama si uongo."

"Basi niseme robo. Labda robo na kidogo."

"Mashine yako inaweza kuishi na robo. Mimi inaninyima usingizi."

Nukata akaitoa kalamu sikioni, akaitazama. "Hata yenyewe haiishi nayo," akasema polepole. "Inapima robo huku, nusu kule, lakini mwisho wa yote lazima iamue breki inashikwa kiasi hiki, sasa hivi. Ikiendelea kupima tu, kituo kinapita."

Shigeru aliinama, akaenda zake. Siku iliyofuata alimwomba msimamizi amwambie safari yake ya mkono itakuwa lini, akampigia baba yake simu, akamwita mjini.

"Nilishapanda," mzee alisema. "Kuna nini tena?"

"Njoo tu, baba."

"Theluji hii yote?"

"Njoo."

Alikuja. Macho yalikuwa yamekwenda, kama daktari alivyosema. Fumie alimshika mkono mpaka nyuma ya kioo, kisha mzee akautoa mkono wake, akaweka visigino pamoja.

Shigeru aliushika mkono wa breki, na ule mkono wake wa kulia, uliokuwa ukitangatanga miezi yote ile, ukatulia papo hapo. Hiyo ilikuwa raha yake pekee ya siku. Kilichobaki kilikuwa hofu tupu. Alikuwa na mazoezi machache, treni ilikuwa nzito kuliko tramu kumi, na nyuma yake palikuwa na miguu ambayo haikuwahi kumsamehe. Nagamachi akasimama vyema. Itsutsubashi vyema. Sendai akavuta pumzi kabla ya kusimama, akaishikilia, akaitoa milango ilipofunguka. Kisha Kita-Sendai. Mteremko ulimwahi kwa kitambo kidogo sana, akaongeza breki, akaona ameongeza mno, akaachia, na treni ikapiga hatua moja ndogo ya mwisho, kama mtu anayepiga chafya akijizuia. Ilisimama mahali pake kabisa. Abiria hawakugundua kitu.

Lakini yeye alisikia. Kiatu kimoja cha mzee kililia kwenye sakafu.

Yaotome alishuka. Mzee Kinzo alikuwa jukwaani, uso ameuelekeza mahali ambapo alidhani mwanawe yupo.

"Baba," Shigeru akasema, na safari hii hakusubiri kengele. "Ile siku ya kwanza haikuwa mimi. Ilikuwa mashine. Mimi nilibonyeza kitufe. Leo ndiyo mimi, na pale Kita-Sendai umetoa mguu. Saa yako hii hapa."

Aliitoa mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa chake, akaiweka kwenye kiganja cha mzee. Mzee hakukifunga kiganja.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ilikuwa mashine. Unanionaje? Macho ndiyo yamekufa. Ile siku ulikuwa unaita ishara kama mtu anayesoma gazeti kwa sauti. Aliyeshika breki haiti hivyo. Leo sauti ilikuwa inakukatika kabla ya kila kituo, kwa sababu mtu akishika breki anabana pumzi. Mimi nilibana pumzi miaka yote, hata nikilala. Muulize mama yako kaburini."

Shigeru alisimama pale na theluji inaingia shingoni. "Sasa kwa nini uliinama? Kwa nini uliniita dereva mbele ya mke wangu, ukanipa saa?"

"Kwa sababu ninakufa, mjinga wewe!" Mzee alifoka hata abiria wawili wakageuka. Kisha akashusha sauti. "Nilitaka kukuita hivyo muda mrefu. Lakini kila nikipanda, mguu unatoka. Nifanyeje? Niseme uongo? Siku ile mguu haukutoka. Nikasema, haya, ndiyo hii hii, sitapata nyingine. Ningekusubiri wewe, ningekufa na neno mdomoni."

Fumie aligeuka akatazama theluji, mabega yanatetemeka, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Na leo?" Shigeru aliuliza. Aliona aibu kuuliza, lakini aliuliza.

"Leo umenitoa mguu."

"Mara moja tu, baba. Kwenye vituo vyote."

"Mara moja," mzee akakubali. Akainua kiganja kilichobeba saa. "Chukua. Mkono wangu unachoka. Na nenda, abiria wanangoja, wewe unapiga soga na vizee."

Shigeru akaichukua, akakimbia. Kwenye kichwa cha upande wa pili aliitoa saa ya idara kwenye kishimo, akaiweka ile ya chuma. Ilikaa vizuri, kishimo ni kimoja nchi nzima. Ratiba ilikuwa bado inamruhusu kuendesha kwa mkono, akaendesha kwa mkono. Lakini nyuma ya kioo hapakuwa na mtu. Alitazama mara mbili kupitia kioo: mzee alikuwa amekaa kitini, kando ya Fumie. Tangu Shigeru azaliwe, baba yake hakuwahi kukaa kwenye chombo alichokiendesha mwanawe.

Jioni, mzee akiwa amekwisha kurudi Kogota, Shigeru alikaa mezani bila kugusa wali.

"Fumie. Alikaa kwa sababu ameniamini, au miguu ilikuwa imechoka?"

"Vyote viwili."

"Kipi zaidi?"

"Kula kwanza, wali unapoa."

"Kipi zaidi?"

Fumie aliweka vijiti chini. "Alikuwa amekaa," akasema, "lakini visigino vilikuwa pamoja. Nilivitazama njia nzima. Pale Kita-Sendai aliniinamia sikioni, akaniambia, 'Safari hii hakunitoa mguu.'"

Shigeru alisikia kitu kikimfunguka kifuani, na kabla hakijafunguka chote, akakunja uso. "Lakini alikuwa amekaa! Mtu aliyekaa hatoki mguu hata kama dereva ni mlevi!"

"Hata mimi nilimwambia hivyo."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ndiyo. Mwache akae nalo hilo. Dereva aliyeridhika ni ajali inayosubiri kituo.'"

Shigeru alimkodolea macho mkewe, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa kulia. Akalitamka neno lile, dereva, peke yake, kwa sauti ndogo, akilionja. Kisha akavuta bakuli lake, akala, na chini ya meza mguu ukaanza tena kutikisika. Fumie alisogeza supu pembeni, wala hakumkataza.